B ya Kubebewa

Nilimnyang'anya sensei daftari. Sikuliomba, wala sikusubiri aondoke nikalichukua mezani. Nilimpokonya mkononi, mbele ya watu wote, akiwa bado anaongea. Alikuwa amemaliza kusoma majina ya watakaokwenda Mikumi kufanya mtihani wa mkanda wa kahawia. Jina la pacha wangu lilikuwemo, langu halikuwemo, na sensei ndiyo kwanza alikuwa anasema, "Waliobaki wasivunjike moyo, wajifunze kwa wenzao kuhusu mahudhurio." Aliposema mahudhurio, mkono wangu ukaenda wenyewe.

Wote wakanigeukia. Kwenye karate mwalimu unamwinamia kabla hata ya kumuuliza choo kiko wapi, sembuse kumpokonya kitu. Mwanangu, mwaka mmoja na miezi saba, alikuwa kwenye benchi na kipande chake cha muhogo wa kukaanga. Hata yeye aliacha kutafuna.

"Mama," sensei akasema taratibu. Tangu nijifungue ananiita hivyo, utafikiri nimemzaa yeye. "Lete daftari."

"Nitaleta nikimaliza kuhesabu."

Pacha wangu akanisogelea, ananukia mafuta ya hotelini. "Pacha, acha bwana. Watu wanaangalia."

"Waangalie. Wewe kila siku unaangaliwa, leo zamu yangu."

Nikakaa chini kwenye mkeka, nikafungua ukurasa wa kwanza tangu mtihani uliopita, nikaanza kuhesabu kwa kidole.

Huyo ninayemwita pacha si ndugu yangu. Pacha ni mtu unayepewa na sensei. Mwaka mmoja uliopita klabu yetu ya pale Kilosa ilikuwa inakufa. Watu walikuwa wanajaa baada ya mavuno, mvua zikianza wanabaki wanne na mwalimu wa tano. Sensei akaona adhabu hazisaidii, kwa sababu mtoro ukimwadhibu haji tena kabisa. Ndipo akatugawa wawili wawili. Ukikosa mazoezi, pacha wako anapiga pushapu zako hamsini mbele ya wote, kabla ya darasa kuanza. Wewe uko nyumbani umelala, mwenzio anahema sakafuni kwa ajili yako. Kesho yake unakuja na aibu, na hurudii.

Tuliita kubebeana. "Leo nani amembebea nani?" Kwenye daftari aliyekuja aliwekewa tiki, mtoro aliwekewa U, na mtoro ambaye pacha wake amempigia pushapu aliwekewa B. Amebebewa. Mimi nilidhani B ni alama ya aibu. Nilidhani hivyo mwaka mzima.

Nakubali kwamba mpango ule ulifanya kazi. Kuna jioni nyingi nilikuwa nimeinamia cherehani tangu asubuhi, sare za shule zimenijaa mezani, mgongo unauma, mtoto analia, na sababu pekee ya kuvaa zile nguo nyeupe ilikuwa kwamba sikutaka yule binti apige pushapu zangu halafu akasimulie. Wengine wanasema wanafanya mazoezi kwa ajili ya afya. Mimi nilifanya kwa ajili yake. Nilifanya ili asipate la kusema.

Tulianza wote kidato cha pili, klabu ilipokuja shuleni kwetu. Wakati huo mimi ndiye niliyekuwa naitwa mbele kuonyesha teke. Teke langu lilikuwa linafika kwenye sikio la mtu mrefu, na yeye alikuwa anaanguka akijaribu kufika kiunoni. Nilikuwa namshika mkono namwinua. Baada ya kidato cha nne mimi nikapata mimba, yeye akapata cheti cha hoteli. Niliporudi ukumbini na maziwa yakivuja kwenye nguo nyeupe, teke langu lilikuwa limeshuka mpaka mbavuni na lake limepanda. Sensei alikuwa akisema, "Angalia pacha wako anavyozungusha nyonga." Nikaangalia. Niliangalia sana. Niliangalia tumbo lake lililonyooka kama ubao wa kupigia pasi, nikaangalia mikono yake isiyo na alama za sindano, nikaangalia jinsi anavyokaa chini akimaliza, amejinyoosha, anakunywa maji taratibu, hana mtu wa kukimbilia. Nguo anazovaa nilizishona mimi. Hata pindo lile linalopiga kelele anaporusha teke, ule mlio mzuri watu wanaousifia, ni mshono wangu.

Halafu akapata kazi Mikumi, mapokezi, kwenye hoteli ya watalii. Sikulala vizuri wiki ile.

Kutoka Kilosa mpaka Mikumi siyo mbali kama unakwenda kutalii, ila ni mbali kama unatakiwa kurudi kila Jumatatu, Jumatano na Jumamosi saa kumi na moja jioni. Basi akaanza kukosa. Na kila akikosa, adhuhuri simu yangu inalia, ujumbe wa sauti, ile sauti yake ya kupokelea Wazungu: "Pacha wangu kipenzi, nibebee leo jamani, wageni wamejaa. Nakudai mimi."

Nakudai mimi. Hata maneno aliyakosea, alitaka kusema nidai, na mimi hata kosa hilo nililiona amelifanya kwa madaha.

Nikambebea. Nilienda mbele, nikainama, nikapiga hamsini. Siku nyingine mtoto hakukubali kukaa benchi, akaja akanipanda mgongoni, akakaa kama amepanda punda, watu wakacheka, mmoja akapiga kelele, "Mama anabeba wawili!" Nikapiga hamsini hivyo hivyo, na mtoto juu. Jioni nikifungua simu, nakuta ameweka picha: bwawa la kuogelea, miguu yake miwili, kucha zimepakwa rangi, na nyuma kabisa tembo amesimama kwenye nyasi kama amekodiwa. Wageni wamejaa kweli. Niliitazama ile miguu kwa muda mrefu kuliko nilivyomtazama tembo.

Sikumwambia sensei habari ya zile picha. Kila nilipombebea, mikono yangu ilizidi kuwa migumu, na nilijiambia kwamba atakuja siku moja tupambane, nimwonyeshe zile pushapu zake zimekwenda kwa nani.

Na mimi je, nilikuwa nakosa? Nilikuwa nachelewa. Siku nisizoweza kuja na mtoto namwachia mama yangu, na mama hapokei mtoto mpaka arudi kutoka shambani, aoge, aswali. Siwezi kumharakisha mtu anayeswali. Kwa hiyo siku hizo nilikuwa nafika ukumbini wakati wenzangu wameshapiga magoti na kusalimu. Na kanuni ya sensei inasema daftari linafungwa na salamu. Ukiingia baada ya salamu utafanya mazoezi yote, utatoka jasho kama wenzako, utarusha mateke mpaka mwisho, lakini kwenye daftari umeandikwa U. Nilijua ile kanuni. Sikujua itakuja kunila.

Mama alikuwa haelewi hata nasumbukia nini. Nilipomwambia nafanya mazoezi ya kata, akaniuliza, "Kata gani, hii yetu au ya Magole?"

"Mama, kata ni ile unapigana na watu wasioonekana. Unafuata hatua, moja baada ya nyingine, peke yako."

"Peke yako na watu wasioonekana." Akanitazama. "Na hilo lina mtihani?"

"Lina mtihani."

"Mimi nilidhani unagombea udiwani, angalau tungepata barabara."

Nilimcheka, lakini usiku ule nilifikiri kwamba amesema kweli. Mtu niliyekuwa napigana naye alikuwa haonekani. Alikuwa Mikumi.

Nilimwambia baba wa mtoto kwa simu, yuko Dodoma kwenye ujenzi, kwamba nikipata mkanda wa kahawia sensei ameahidi kunipa darasa la watoto wa kike, la Jumamosi asubuhi, niwe mwalimu msaidizi. Nafasi ilikuwa moja. Atakayeshinda mtihani wa Mikumi ndiye ataipata. Akasema, "Vizuri." Akauliza kama mtoto ameota meno. Sikumlaumu, hajui. Hajui ni kitu gani kuitwa mama na kila mtu, halafu kuna saa moja kwa wiki ambapo watoto ishirini watapanga mstari na kukuita sensei.

Hilo ndilo nililokuwa nalitaka. Mkanda ulikuwa njia ya kufika pale. Na ili ufanye mtihani unatakiwa uwe na siku arobaini kwenye daftari.

Sasa turudi kwenye mkeka. Nilihesabu zangu kwanza. Thelathini na tano. Nikahesabu zake. Arobaini na moja.

Nikahesabu tena, maana mimi najua siku alizokuwa Mikumi. Nazijua mikononi. Na hapo ndipo nilipoona: tiki, tiki, B, tiki, B, B, tiki. Sensei alikuwa anahesabu B kama tiki. Zilikuwa B kumi na mbili. Siku kumi na mbili mimi nimeinama sakafuni, mtoto mgongoni, na kila nilipoinuka nilikuwa nimempatia yeye siku. Na siku zangu nilizokuja nikatoka jasho, sita, zimekaa pale zimeandikwa U.

"Sensei," nikasema, na sauti yangu haikuwa ya kupiga kelele, nashangaa mpaka leo. "Hii B maana yake nini?"

"Amebebewa. Unajua."

"Alikuwepo au hakuwepo?"

"Wajibu wake ulitimizwa."

"Na nani?"

Nyuma mmoja akacheka kidogo, akaacha.

"Kwa hiyo mimi niliyekuwepo nimeandikwa sikuwepo, na huyu ambaye hakuwepo ameandikwa alikuwepo. Mimi ndiye niliyembeba, na yeye ndiye anayekwenda."

"Mama, usilete wivu humu ukumbini, kwenye dojo," sensei akasema. "Karate ni nidhamu."

"Mimi nina wivu," nikamwambia. "Nina wivu mpaka kwenye kope. Lakini hesabu hazina wivu. Hesabu wewe mwenyewe."

Pacha wangu alikuwa amesimama, mikono kiunoni, uso umebadilika. "Pacha, mimi sikujua anahesabu hivyo. Haki ya Mungu sikujua."

"Ulijua kuomba."

"Na wewe ulijua kukataa. Mbona hukukataa hata siku moja?"

Hilo lilinipata. Niliinamisha uso kwenye daftari ili asinione, nikaangalia mstari wa jina langu kwa mara ya pili, na hapo nikaona kitu ambacho sikukiona mara ya kwanza, kwa sababu nilikuwa nahesabu tu kwa kidole bila kusoma. Kwenye mstari wangu kulikuwa na B mbili.

Nikaangalia ni wiki gani. Ilikuwa wiki ile mtoto alipolazwa, malaria, nikakaa naye wodini siku nne nimelala kwenye kiti. Sikumwambia mtu wa ukumbini. Sikuomba kubebewa. Yule binti alitoka Mikumi, akakuta sipo, akainama akapiga hamsini zangu. Jumatano, na Jumamosi tena. Hakuniambia. Mimi kila nilipombebea niliwatangazia mpaka wauza nyanya. Yeye alinibebea mara mbili na akafunga mdomo wake.

Nikamwonea wivu hata kwa hilo.

Nilimrudishia sensei daftari kwa mikono miwili, nikainama kama inavyotakiwa, nikambeba mwanangu na muhogo wake, nikatoka. Nyuma yangu nikasikia pacha wangu akiniita, mara mbili. Sikugeuka. Ningegeuka ningelia, na asingekosa kuwa mzuri hata wakati wa kunibembeleza.

Siku mbili sikwenda mazoezini wala sikushona. Mama akaniuliza kama nimeshindwa uchaguzi. Siku ya tatu nikachukua karatasi ya mistari na kalamu ya bluu, nikakaa kwenye meza ya cherehani. Kwenye klabu yetu malalamiko hayaongewi, yanaandikwa na kupelekwa kwa katibu wa kamati, mwalimu mstaafu ambaye hajawahi kurusha teke maishani mwake ila anatunza mafaili.

Nilipiga hesabu kabla ya kuandika. Zile siku sita za kuchelewa zikihesabiwa kwamba nilikuwepo, nafika arobaini na moja. Nakwenda Mikumi. Zile B za pacha wangu zikifutwa, anabaki na ishirini na tisa. Haendi. Nilicheka peke yangu, nikaandika aya ya kwanza na ya pili bila kunyanyua kalamu.

Halafu nikafika kwenye B zangu mbili. Zikifutwa na zangu, nabaki na thelathini na tisa. Imepungua siku moja. Moja.

Nilikaa pale mpaka chai ikapoa. Hakuna ambaye angezikumbuka. Sensei hakuzitaja, katibu asingezitafuta. Ningeandika tu "B za mwenzangu" na kazi imekwisha. Lakini nikamwona yule binti ameinama sakafuni, pindo nililolishona mimi linagusa mkeka, anapiga pushapu zangu na hasemi. Nikajua nikienda Mikumi kwa zile B mbili, nitakwenda nimebebwa, na mbebaji ni yeye. Kila nitakaposimama mbele ya wale watoto wa Jumamosi nitakuwa na mikono yake chini yangu. Siwezi. Siyo kwamba mimi ni mwema sana. Nina wivu tu kupita kiasi, na wivu wangu haukubali kumshukuru kwa mkanda.

Nikaandika aya ya tatu.

Katibu alinipokea barazani kwake. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe wewe ndiye uliyempokonya mwenzangu daftari." Akavaa miwani, akasoma, akarudia, akanitazama juu ya miwani. "Aya ya tatu inakuumiza wewe mwenyewe."

"Naijua."

"Unaweza kuikata. Bado hatujasaini."

"Mwalimu, nimeandika kwa kalamu, siyo penseli. Nipigie muhuri kwenye nakala yangu, na uandike umeipokea lini."

Akapiga muhuri. Nakala ninayo, iko kwenye droo ya cherehani chini ya vifungo, na hivi ndivyo ilivyo.

*Kwa Katibu,*
*Kamati ya Klabu ya Karate,*
*Kilosa.*

*YAH: MALALAMIKO KUHUSU UTUNZAJI WA DAFTARI LA MAHUDHURIO*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mwanachama wa klabu hii, mkanda wa bluu. Naleta malalamiko yangu rasmi kama ifuatavyo.*

*Kwanza, mwanachama anayefika baada ya salamu na kufanya mazoezi mpaka mwisho anaandikwa mtoro. Huo si utoro. Naomba achelewaye aandikwe amechelewa, na siku yake ihesabiwe. Siku zangu za namna hiyo ni sita na mashahidi ni darasa zima.*

*Pili, mwanachama asiyefika kabisa anaandikwa B na B inahesabiwa kama alikuwepo. Kubebeana kuliletwa ili tuone aibu ya kukosa. Sasa kumekuwa njia ya kukosa bila aibu. Naomba B zote zihesabiwe kuwa mtu hakuwepo. B za pacha wangu ni kumi na mbili. Zote nilizipiga mimi.*

*Tatu, naomba na B zangu mbili zifutwe pia. Zilipigwa na pacha wangu wakati mtoto wangu amelazwa. Natambua kwamba zikifutwa sitafikisha siku arobaini na sitakwenda Mikumi safari hii. Natambua pia kwamba yeye hatakwenda. Nafasi ya kufundisha watoto naomba ibaki wazi mpaka mtihani unaofuata, asipewe mtu kwa kukosekana mwingine.*

*Nne, kumpokonya mwalimu daftari lilikuwa kosa. Niko tayari kwa adhabu, na adhabu hiyo nitaipiga mwenyewe. Nisibebewe.*

*Mwisho, nimesikia kamati inafikiria kutubadilishia mapacha ili kuepusha ugomvi. Napinga. Naomba niachiwe huyu huyu. Hakuna mwingine ukumbini humo ambaye nikimfikiria saa kumi jioni nanyanyuka kwenye kiti.*

*Nitafurahi kupata majibu kwa maandishi.*

*Wako katika michezo,*

*Mwanachama.*